Jirani Kabla ya Nyumba: Kumchagulia Samaki wa Dhahabu Mwenzi wa Tangini



Waliolelewa katika majumba ya mawe ya Lamu na Shela wanalikumbuka birika la chooni. Aliyechungulia ndani yake utotoni aliona visamaki vidogo vikizunguka kimya kimya katika kiza cha maji. Wazee hawakuviweka kwa pambo. Vilikuwa walinzi wa nyumba, vikila viluwiluwi vya mbu ili maji ya kuogea na ya udhu yasigeuke kuwa kiwanda cha homa. Na fundi aliyelijenga birika hakuwasahau walinzi wale. Chini kabisa, katika sakafu ya chokaa, alilaza bakuli la kauri ya Kichina, ili siku maji yapunguapo au birika lioshwapo, samaki wabakiwe na pa kujisitiri.

Adabu hiyo ya kumfikiria kiumbe kabla ya kumtia katika nyumba ndiyo ninayotaka kuizungumza wiki hii. Siku hizi birika limepungua, na badala yake familia nyingi zinaweka tangi la kioo sebuleni, na ndani yake samaki wa dhahabu. Ni burudani njema kwa watoto. Lakini kila mwenye tangi hufika siku akajiuliza: je, nimtafutie mwenzi? Na mwenzi huyo awe nani? Mimi nililijibu swali hilo kwa pupa, na gharama yake nitaieleza.

Kisa cha nyumbani kwetu

Tunakaa Ras Kitau, upande wa Manda unaotazamana na Shela. Mwaka ule binti yetu, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa amefiwa na bibi yake aliyemlea, na akawa haongei ila akiulizwa. Baba yake alirejea kutoka Mombasa na ndoo yenye mfuniko, ndani yake samaki wawili wa dhahabu, wenye mikia kama shela la bibi arusi. Tukawatia katika tangi la lita 40. Mtoto akawa na kazi ya kufanya kila asubuhi, na kwa kazi ile ulimi wake ukaanza kufunguka.

Baada ya siku chache aliwaona wapweke. Maji yalipokupwa alishuka ufuoni, akachota kisamaki chenye milia katika dimbwi la mwambani, akakitia pamoja nao. Hakikufika Magharibi. Ili kumpoza, nami nikaagiza wenzi wa dukani: gapi wawili wenye mikia ya rangi, na samaki mmoja mweusi wa kunyonya kioo, ambaye muuzaji alitusifia kuwa husafisha tangi. Haukupita mwezi gapi wakatoweka, mmoja baada ya mwingine, bila ya mzoga kuonekana. Kisha asubuhi moja tukamkuta samaki wa dhahabu mmoja ana jeraha jekundu ubavuni, ute wa ngozi umekwanguliwa. Siku ya tatu alikufa.

Binti yangu hakulia. Aliniuliza tu, “Mama, nani aliwauliza kama wanataka kukaa pamoja?”

Sikuwa na jibu. Sote tumefundishwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie, na mwisho wake. Na tunakijua kisa cha mtoto Abu Umayr na kidege chake, ambacho wanazuoni wamekitolea dalili ya ruhusa ya kufuga ndege nyumbani. Ruhusa ipo, nayo imefungamana na wajibu. Samaki wa tangini hana mlango wa kutokea. Jirani tunayemletea, mwema au muovu, ni wake mpaka kufa. Waarabu husema jirani hutafutwa kabla ya nyumba. Kwa samaki, sisi ndio tunaomtafutia vyote viwili.

Mjue kwanza mwenye nyumba

Samaki wa dhahabu asili yake ni Uchina, ambako amefugwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ni jamaa wa koi wanaowekwa katika vidimbwi vya bustani. Watu humdhania mdogo na wa muda mfupi kwa kuwa humwona dukani akiwa kinda. Kwa hakika wale wa mkia mmoja, kama kometi na shubunkini, hufikia sentimita 25 hadi 30. Wale wa mkia wa mikunjo na mwili wa duara, kama oranda, ryukini na wenye macho yaliyotokeza, hufikia sentimita 15 hadi 20. Akitunzwa huishi miaka 10 hadi 15, na wengine hupita hapo. Uingereza alikuwapo mmoja aliyeitwa Tish, aliyekufa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 43. Anayemnunulia mtoto samaki huyu, basi, ajue kwamba huenda mtoto akafika kuoa au kuolewa samaki yungali hai.

Tena hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu. Akilacho hupita utumboni moja kwa moja, ndiyo maana hutafuta chakula mchana kutwa, na huchafua maji mchana kutwa. Uchafu wake ulio mkubwa hauonekani kwa macho. Ni amonia, itokayo katika matamvua na kinyesi, nayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi katika changarawe na ndani ya kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Anayejaza tangi leo na kulitia samaki watano kesho amewaingiza katika nyumba isiyo na choo.

Kwa hiyo swali la mwenzi huanza na nafasi. Kwa samaki wa mwili wa duara, kipimo kinachofaa ni lita 75 kwa wa kwanza, na lita 40 au zaidi kwa kila anayeongezeka. Wale wa mkia mmoja wanahitaji tangi refu la lita 200 na kuendelea, au kidimbwi. Sasa litazame tangi letu la lita 40: lilikuwa dogo hata kwa samaki mmoja, nasi tukatia watano. Mimi nilimlaumu mnyonya kioo, na kweli alikuwa na hatia. Lakini samaki aliyekonda kwa maji machafu hana nguvu ya kumkimbia adui. Kosa la kwanza lilikuwa langu.

Maswali ya kumuuliza mgeni

Kabla ya kumleta mwenzi, yapo maswali sita yafaayo kuulizwa, na moja likikosa jibu jema, heri kuacha.

La kwanza ni maji. Maji ya bahari yetu yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita, na samaki wa dhahabu ni wa maji baridi. Mwili wa samaki wa bahari umeumbwa kuzuia maji yasiutoke. Ukimtia katika maji baridi, maji humwingia kwa kasi asiyoweza kuishinda, chumvi ya damu yake hupungua, akafa. Ndilo lililokisibu kile kisamaki cha mwambani. Watoto wetu wa pwani wafundishwe mapema: cha dimbwini hutazamwa dimbwini, kisha huachwa maji yajapo yakichukue. Hata samaki wa maji baridi wa pwani wana kwao. Katika vidimbwi vya msimu vya Unguja kuna kisamaki cha rangi za kupendeza, wataalamu hukiita Nothobranchius guentheri, ambacho dimbwi likikauka hufa, na mayai yake hungoja ndani ya udongo mpaka mvua irudi. Maisha ya namna hiyo hayaingii katika tangi la samaki wa dhahabu.

La pili ni joto. Samaki wa dhahabu hustarehe katika maji ya nyuzi 18 hadi 23. Samaki wengi wazuri wa dukani, kama beta, malaika na tetra, ni wa maji ya moto zaidi. Kwetu Lamu, wakati wa kaskazi, joto hupanda mpaka nyuzi 30 na kupita, na hapo mwenye kutaabika ni samaki wa dhahabu. Maji ya nyuzi 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni katika lita moja, na ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Wakati huohuo joto humfanya samaki ahitaji hewa zaidi. Vipimo vilivyoandikwa kwa nchi za baridi, kwa hiyo, havitutoshi. Sisi tupunguze idadi, na anayeweza kuweka samaki wanne aridhike na watatu.

La tatu ni kinywa. Samaki wa dhahabu si mkali, lakini kila kinachoingia kinywani mwake ni chakula. Gapi na tetra wadogo si majirani zake, ni riziki yake. Hivyo ndivyo wale wawili walivyopotea bila ya mzoga.

La nne ni mbio na mapezi. Kometi huogelea kama mashua yenye tanga jipya, na oranda huenda kama jahazi lililojaa shehena. Ukiwaweka pamoja, kometi humaliza chakula kabla mwenzake hajageuka. Wenye macho yaliyotokeza ni wanyonge zaidi, kwa kuwa hawaoni vizuri. Na wapo samaki wa ukoo wa barbi, hasa barbi milia, ambao hawaoni pezi refu likipepea ila hulidonoa. Pezi lililodonolewa huoza.

La tano ni tabia. Vifaranga vya perege hupatikana kwa wafugaji, na watu huvishawishika kwa bei. Perege hujitengea himaya na kuilinda kwa vita, na jamaa zake wa rangi kali kutoka Ziwa Nyasa ni wababe kuliko yeye. Samaki wa dhahabu hajui kupigana.

La sita ni silaha na njaa. Mnyonya kioo, akikosa ukungu wa kutosha, hugeukia ute wa ubavu wa samaki wa dhahabu, aliye mpole na mwenye mwendo wa pole. Hufikia sentimita 30 na zaidi, naye pia huchafua maji. Habari ya kwamba husafisha tangi ni maneno ya biashara. Kambare wadogo wa matangini wana tatizo jingine: miiba yao hufunguka kooni mwa samaki wa dhahabu anapojaribu kuwameza, wakafa wote wawili.

Nani basi anafaa?

Jibu la kweli ni fupi. Mwenzi bora wa samaki wa dhahabu ni samaki wa dhahabu, wa umbo lake na wa kimo kinachokaribiana naye. Oranda na ryukini hukaa vizuri. Kometi na shubunkini hukaa vizuri. Wenye macho yaliyotokeza wakae na wenye macho kama yao, ili kila mmoja apate haki yake ya chakula. Hupenda kuwa pamoja, wakiwa wawili au watatu, na hupumzika ubavu kwa ubavu.

Mwenye tangi kubwa akitaka aina nyingine, anaweza kujaribu danio milia pamoja na kometi wachanga. Danio ni wepesi, hustahimili maji ya wastani, na hutaka kundi la sita au zaidi. Lakini samaki wa dhahabu akikua, hesabu hubadilika, na danio aliyelala anaweza kumezwa. Dojo, samaki mrefu mfano wa mkunga mdogo, ni mpole na huokota mabaki chini. Naye hupenda maji ya ubaridi, kwa hiyo kwetu anafaa nyumba yenye kivuli tu.

Konokono wadogo wataliwa. Kuhusu wakubwa naomba tahadhari. Mwaka 2020 konokono wa majini mwenye asili ya Amerika Kusini aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, akawa msiba kwa wakulima. Tusinunue konokono tusiyemjua, na kiumbe chochote cha tangini, awe konokono, mmea au samaki aliyetuchosha, tusimmwage kisimani, mtoni wala bwawani. Anayeshindwa amtafutie mfugaji mwingine.

Jambo moja watu wameniuliza: je, samaki wa dhahabu anaweza kuwekwa katika birika au jabia pamoja na visamaki vya mbu? Kweli anakula viluwiluwi. Lakini uchafu wake ni mwingi kuliko msaada wake, na wale wadogo atawala. Birika tuwaachie wenyewe, na jabia la maji ya kunywa lifunikwe.

Hesabu ya maji

Wenzetu wa bara huandika “badilisha robo ya maji kila wiki” kana kwamba bomba halina mwisho. Ras Kitau tunajua vingine. Visima vingi vya Manda vina maji ya chumvichumvi, na miji ya kale ya kisiwa hiki, kama Takwa iliyostawi karne ya 15 hadi ya 17, imebaki magofu. Sisi hungoja mvua, au huvusha madumu kwa mashua. Tangi la lita 200 likibadilishwa robo kila wiki linataka lita 50, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20. Kwa hiyo kila samaki unayemwongeza, uliza pia ni nani atakayebeba dumu lake.

Ili isiwe israfu, maji yatokayo tangini tumwagilie asumini na mikilua. Nitreti iliyomo ni mbolea, na maua yatakujulisha. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa siku nzima kabla ya kutiwa, au yatiwe dawa yake. Maji ya kisima yaonjwe kwanza, na yakiwa na ladha ya chumvi yasitumike. Tangi liwe pana kuliko kwenda juu, kwani hewa huingia kwa uso wa maji. Liwekwe mbali na dirisha la jua, karibu na ukuta wa mawe. Umeme ukikatika na pampu ikanyamaza, chukua kata, uchote maji na kuyamimina kutoka juu kwa dakika chache kila nusu saa. Watoto huipenda kazi hiyo, nayo huokoa.

Siku za kumtenga mgeni

Samaki mmoja akioza, wahenga walisema, huoza wote. Hata jirani mwema anaweza kuja na maradhi asiyoyaonyesha, kama yale ya vidoadoa vyeupe vinavyofanana na chembe za chumvi. Mgeni akae katika chombo chake peke yake, chenye hewa na kichujio, kwa wiki tatu hadi nne. Wavu na ndoo zake ziwe mbali. Akila vizuri, mapezi yakiwa wazi na ngozi safi, ndipo avushwe, na siku ile taa izimwe na wote walishwe kidogo pande mbili za tangi.

Kisha mtazame kwa wiki nzima. Samaki anayefukuzwa hujificha pembeni, hufunga mapezi na huja kula mwisho. Samaki wote wakipanda juu kuhema, maji ndiyo yenye kasoro. Aliye na jeraha atengwe siku hiyohiyo, asingojewe. Lamu tuna hospitali ya punda, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri wanaohudumu pale. Samaki wetu dawa yao ya kwanza ni maji safi na jirani mzuri.

Tulivyoanza tena

Yule samaki wa dhahabu aliyebaki alikaa peke yake miezi saba. Tulimpa mnyonya kioo mfugaji wa Mombasa mwenye tangi kubwa. Tukadunduliza, tukapata tangi la lita 200 lililotumika, tukalikomaza kwa wiki sita huku tukipima amonia mpaka ikasoma sifuri. Safari hii binti yangu ndiye aliyeandika maswali, akampa baba yake karatasi ya kwenda nayo dukani, pamoja na rula. Mgeni aliyekuja ni wa mkia wa mikunjo, amepungukiwa na yule wa zamani kwa sentimita moja. Akatengwa wiki nne. Mtoto alihesabu siku ukutani kwa chaki, wala hakuniomba niharakishe hata mara moja.

Asubuhi ya kumvusha aliniomba bakuli jeupe la kauri, lililokuwa la bibi yake. Alilisuuza kwa maji matupu bila ya sabuni, akalilaza chini ya tangi katika changarawe. Nilimuuliza la nini. Akasema bibi alimweleza kuwa samaki wa birika walikuwa na bakuli lao, maji yakipungua.

Wapo humo hadi leo, wawili. Mchana wa joto huenda wakatulia juu ya bakuli lile, ubavu kwa ubavu.